Hopsi mezani: namna ya kuipa bia ya nyumbani harufu bila kuhatarisha pipa zima

Na Mwandishi Wetu

MTU wa Mbezi Beach anayeamua kutengeneza bia yake nyumbani hahangaiki sana na maji wala vyombo. Sufuria la kupikia pilau ya shughuli linatosha, ndoo yenye mfuniko inapatikana Kariakoo, na friji la pili, hata kama limechakaa, si kitu cha ajabu katika nyumba za huko. Kinachomtoa jasho ni hopsi.

Kwa msomaji asiyezifahamu, hopsi ni maua ya mmea jike unaotambaa, ambao wataalamu huuita Humulus lupulus. Ndiyo yanayoipa bia uchungu wake, pamoja na ile harufu ambayo mara hufanana na majani yaliyokatwa, mara na ganda la chungwa, mara na embe bivu, kutegemea aina. Hapa kwetu hakuna kilimo chake cha kibiashara. Huagizwa kutoka nje, zikiwa zimekaushwa, zimesagwa na kushindiliwa kama punje za chakula cha kuku, na kufungwa katika pakiti zisizo na hewa. Hupimwa kwa gramu. Mtu aliyeletewa pakiti ya gramu 100 na ndugu yake aliyetoka safari hawezi kuzimwaga ovyo.

Swali analojiuliza ni lini aziweke. Wengi huambiwa waziweke zikiwa zinachemka, na wengine huambiwa wazitumbukize katika pipa baada ya bia kuchacha. Makala haya yanazungumzia njia ya tatu, ambayo ni kuziweka wakati bia inamiminwa, mezani, dakika chache kabla ya kunywa. Njia hii haimfai kila mtu, na hesabu itaonyesha kuwa mara nyingine inakula hopsi nyingi zaidi. Lakini kwa joto la Dar es Salaam na umeme wetu, ina faida ambazo mtengeneza bia wa Ulaya hana sababu ya kuzifikiria.

Uchungu ni kitu kimoja, harufu ni kingine

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kudhani kwamba hopsi zina kazi moja. Ndani ya ua la hopsi kuna unga wa njano unaonata, uitwao lupulini. Katika unga huo mna vitu viwili vinavyotuhusu. Cha kwanza ni asidi za alfa. Asidi hizi zikiwa mbichi haziyeyuki vizuri katika bia na hazina uchungu wa maana. Zikichemshwa kwa muda mrefu, kwa kawaida kama saa moja, hubadilika umbo na hapo ndipo uchungu wa bia unapopatikana. Uchungu huo pia hulinda bia, kwa sababu huwazuia bakteria wengi wanaoleta ukali wa maziwa mgando.

Cha pili ni mafuta ya asili, yale yanayonukia. Haya yana tabia tofauti kabisa. Hayapendi moto. Ukichemsha hopsi kwa saa moja, jikoni patanukia vizuri na majirani watauliza unapika nini, lakini harufu hiyo inayosifiwa na majirani ndiyo iliyokwisha kuondoka katika bia yako. Ndiyo maana watengenezaji huweka sehemu ya hopsi mwanzoni kwa ajili ya uchungu, na sehemu nyingine mwishoni kabisa, au baada ya moto kuzimwa, kwa ajili ya harufu.

Kutokana na hilo, mtu anayeweka hopsi mezani asitegemee uchungu. Bia baridi haiwezi kuzigeuza asidi za alfa katika dakika tano. Bia iliyopikwa bila hopsi hata chembe, ikawekewa hopsi kwenye jagi, itanukia kama bia nzuri lakini mdomoni itakuwa tamu na kukinaisha, kama togwa iliyopuliziwa manukato. Uchungu lazima utoke jikoni. Kinachoongezwa mezani ni harufu, na ladha kidogo ya majani inayoambatana nayo.

Hata harufu iliyotiwa vizuri katika pipa haikai. Kadiri siku zinavyopita hufifia, na joto huharakisha jambo hilo. Katika nchi za baridi mtu anaweza kuweka kreti la bia chini ya nyumba likakaa vizuri kwa miezi. Mbezi Beach chupa iliyokaa stoo yenye bati juu, mwezi wa pili, haihitaji muda mrefu kuharibika. Tukumbuke pia mgao wa umeme. Wa 2006 tunaukumbuka, wa 2011 pia, na wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 bado uko akilini mwa kila mwenye friza. Mtu aliyetia gramu 60 za hopsi katika pipa la lita 20, kisha umeme ukakatika mara kwa mara kwa wiki mbili, hupoteza sehemu kubwa ya kile alichokilipia.

Wachagga walishalijua hili

Kabla ya kwenda kwenye mbinu, inafaa kukumbusha kwamba wazo la kutia kiungo cha uchungu katika kinywaji halikuja na meli. Wakazi wengi wa Mbezi Beach wana asili ya Kilimanjaro, na mbege wanaijua kuliko wanavyoijua bia ya shayiri. Mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu zinazochemshwa kwa saa nyingi, zikaachwa zichache kwa siku kadhaa, kisha maji yake yakachujwa. Huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na huo uji huingia mwishoni, kiasi kwamba kinywaji hunywewa siku hiyo au siku inayofuata. Ladha ya uchungu hutokana na gome la msesewe, mti ambao kwa jina la kitaalamu ni Rauvolfia caffra.

Waethiopia nao wana mti wao, gesho, ambao majani na vijiti vyake hutiwa katika tela na teji. Mti huohuo huota wenyewe katika milima ya Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara. Kwa maneno mengine, jamii mbalimbali zilizotengeneza pombe ya nafaka, ndizi au asali zilitafuta kitu kichungu cha kusawazisha utamu, na Wazungu walipata hopsi. Ujerumani, sheria ya Bavaria ya mwaka 1516 ilitaja vitu vitatu tu vya kutengenezea bia, yaani shayiri, hopsi na maji.

Pengo lililopo ni kwamba msesewe hauna ule ulinzi wa muda mrefu uliozoeleka katika bia ya hopsi, na mbege yenyewe hainywewi ikiwa imelala sana. Ikilala, inageuka kali. Mnywaji wa mbege anajua kwamba kinywaji ni cha leo. Mtengeneza bia wa nyumbani anayetaka harufu angefanya vyema kufikiri kama mtengeneza mbege: kinachotakiwa kiwe kibichi kiingie mwisho.

Tahadhari moja, kwa sababu mtu akishasoma hapo juu anaweza kushawishika. Msesewe si kiungo cha kuchezea katika jagi. Jamii yake ya miti ina kemikali zinazogusa shinikizo la damu na mapigo ya moyo, ikiwamo reserpini iliyowahi kutumika sana hospitalini. Wanaoutumia katika mbege wamerithi vipimo vyake. Kuukatakata na kuuloweka kwa kubahatisha katika bia ya wageni ni jambo ambalo mwandishi halipendekezi.

Jagi, chujio na tone

Njia rahisi kuliko zote haihitaji mtambo. Ni lile jagi la kioo la kutengenezea kahawa, lenye chujio la waya linalosukumwa kwenda chini kwa mkono. Weka hopsi gramu 3 kwa kila nusu lita, mimina bia baridi taratibu kwa kuinamisha jagi, funika bila kusukuma, subiri dakika tatu hadi tano, kisha sukuma chujio polepole na umimine katika glasi. Ukisubiri dakika kumi na tano utapata ladha ya majani makavu na ukakasi unaobaki kwenye ulimi, na bia itakuwa imepoteza gesi na ubaridi.

Utaona povu jingi. Kila kipande cha hopsi ni mahali ambapo gesi iliyomo katika bia hupata pa kujikusanyia na kutoka. Bia ikiwa na joto, povu hilo halidhibitiki na nusu ya jagi itaishia mezani. Kwa hiyo jagi lenyewe liwekwe katika friji mapema, na jagi la lita moja lisijazwe zaidi ya nusu.

Njia ya pili ni ya mwenye kegi. Mwaka 2002, kiwanda kidogo cha Dogfish Head cha jimbo la Delaware, Marekani, kilibuni kifaa ilichokiita Randall. Kilichonifurahisha ni kwamba ubunifu wenyewe haukuwa na makuu. Walichukua kopo la chujio la maji la nyumbani, wakaondoa kinachochuja, wakalijaza maua ya hopsi yasiyosagwa, kisha wakaipitisha bia humo ikiwa njiani kutoka kwenye pipa kwenda kwenye bomba la kumiminia. Makopo ya namna hiyo yanauzwa katika maduka ya vifaa vya mabomba jijini, na nyumba nyingi za Mbezi Beach zinazotumia maji ya kisima tayari zina moja ukutani.

Anayetaka kujaribu azingatie mambo machache. Kopo liwe jipya, lisiwe lililochuja maji ya kisima kwa miaka mitatu. Litumbukizwe katika ndoo ya barafu, maana kopo lenye joto ndilo linalozaa povu. Kabla ya kufungulia bia, lipulizwe gesi ya kaboni ili hewa itoke, kwa sababu hewa huichosha bia upesi. Halafu bia iingie taratibu, kopo lijae, ikae dakika kadhaa ndipo bomba lifunguliwe. Wengine huunganisha kopo la pili tupu baada ya la kwanza, ili povu litulie humo. Kiasi cha gramu 50 hadi 60 za maua mazima kinatosha jioni moja ya pipa la lita 20. Hopsi zilizosagwa na kushindiliwa hazifai katika kopo hili. Zikilowa huwa tope na kuziba kila kitu.

Kuhusu gesi, hapa nchini si bidhaa adimu kama watu wanavyodhani. TOL Gases, ambayo mwaka 1998 ilikuwa kampuni ya kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, huvuna gesi ya kaboni inayotoka ardhini wilayani Rungwe, mkoani Mbeya. Viwanda vya soda ni wateja wakubwa wa gesi ya aina hiyo. Muhimu kwa mnunuzi mdogo ni kuhakikisha anapewa ya kiwango cha vinywaji, si ya kuchomelea vyuma.

Njia ya tatu ni ya tone. Hopsi hulowekwa katika pombe kali isiyo na ladha kwa siku chache ndani ya friza, zikachujwa, na matone machache yakatiwa kwenye glasi. Vodka ndiyo inayofaa. Konyagi ina harufu yake yenyewe ya viungo, na atakayeitumia atapata konyagi kwanza, hopsi baadaye. Gongo isitumike hata kidogo. Mtu hajui imetokea wapi wala ina nini, na kuitengeneza bila leseni kumekatazwa tangu Sheria ya Moshi ya mwaka 1966.

Wako pia wanaoloweka hopsi katika maji ya moto yasiyochemka, wakayapoza na kuyatia katika bia. Inafanya kazi, ila bia inapungua nguvu.

Hesabu ya gramu

Sasa tufike kwenye fedha. Wanaoipigia debe njia ya jagi husema inaokoa hopsi. Tuone.

Chukua pipa la lita 20. Ukiweka hopsi za harufu ndani ya pipa lenyewe, kiasi cha gramu 3 kwa lita, utatumia gramu 60, na lita zote 20 zitanukia. Katika jagi, kwa kuwa hopsi zinakaa dakika chache tu, unahitaji kama mara mbili, yaani gramu 6 kwa lita. Ukipitisha pipa zima kwenye jagi, utamaliza gramu 120. Hiyo ni pakiti nzima na ushee. Kwa hesabu hiyo jagi ni hasara.

Lakini ni nani anayetaka lita zote 20 ziwe na harufu kali? Mtu akialika watu Jumamosi, katika wageni kumi, pengine wanne ndio watakaofurahia bia inayonukia ganda la balungi. Waliobaki wamezoea bia za viwandani, ambazo harufu yake ya hopsi ni ndogo kwa makusudi, na watauliza kama imeharibika. Ukitia katika jagi lita 6 tu kati ya 20, umetumia gramu 36 badala ya 60. Mpaka uko kwenye nusu: ukiweka chini ya lita 10 umeokoa, ukizidisha umepoteza. Kila mtu apige kwa bei aliyonunulia.

Kwa kopo la chujio hesabu ni tofauti kidogo, kwa sababu gramu 60 zilezile hupitisha pipa zima. Hapo hakuna tofauti ya gramu. Ila pipa lisipokwisha usiku ule, hopsi zilizomo katika kopo hazitafaa kesho kwa kazi hiyohiyo. Kopo ni la sherehe inayojulikana kwamba itamaliza pipa, na wenye kumbi ndogo za shughuli wanaweza kulifikiria zaidi kuliko mwenye nyumba.

Kuna fedha nyingine ambayo wengi huitupa jalalani. Hopsi zilizotoka katika jagi zimetoa mafuta yake, lakini asidi za alfa kwa sehemu kubwa bado zimo, kwa sababu bia baridi haikuzigusa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, wamechunguza hopsi zilizokwisha kulowekwa katika bia baridi viwandani na kuonyesha kwamba bado zinaweza kutumika tena. Kwa hiyo kamua, tia katika mfuko wa plastiki, weka friza usiku uleule, na siku ya kupika bia nyingine zitumbukize mwanzoni mwa kuchemsha kwa ajili ya uchungu. Mtu anayefanya hivi anapata kazi mbili kwa gramu moja, na hapo ndipo jagi linapoanza kuwa biashara.

Chupa zinazopasuka

Faida kubwa ya kuweka hopsi mwishoni, kwa maoni yangu, haimo katika gramu. Imo katika usalama wa chupa.

Mwaka 1893 Waingereza Brown na Morris waliandika kuhusu jambo ambalo watengeneza bia walikuwa wakiliona bila kulielewa: bia iliyotulia, ikiwekewa hopsi mbichi, huanza kuchacha upya. Hopsi zina vimeng'enya vinavyovunja sukari nzito ambazo hamira ilikuwa imeshindwa kuzila, zikawa sukari nyepesi. Hamira iliyobaki huamka na kuzila, na gesi huongezeka. Jambo hili lilisahauliwa kwa muda mrefu, na likafufuka miaka ya karibuni baada ya viwanda vidogo vya Marekani kuanza kutia hopsi nyingi katika bia iliyochacha.

Katika pipa la chuma, lililo katika ubaridi, si tatizo kubwa. Katika chupa ya kioo iliyofungwa na kuwekwa stoo ya Mbezi Beach, kwenye nyuzi joto 30, ni hatari ya kweli. Vimeng'enya na hamira vyote hufanya kazi haraka kwenye joto. Chupa hupasuka, na kioo hakichagui uso wa mtu. Hopsi zilizowekwa kwenye jagi dakika tano kabla ya kunywa hazipati nafasi ya kufanya hayo. Mtu asiye na kegi wala friji la kutosha, anayetegemea chupa, ana sababu nzuri ya kuachana na hopsi za pipani.

Mawili mengine kwa ufupi. Bia yenye hopsi haipendi jua. Mwanga hubadili vile vitu vya uchungu na kutoa harufu mbaya, ndiyo sababu chupa nyingi za bia ni za kahawia. Jagi la kioo kwenye meza ya ufukweni saa tisa mchana linaweza kuharibika katika dakika chache, kwa hiyo liwekwe kivulini. Na wenye mbwa wa ulinzi waangalie makapi yanapotupwa. Hopsi ni sumu kwa mbwa, ziwe mbichi au zilizotumika. Humpandisha mbwa joto la mwili kupita kiasi, naye anaweza kufa kwa saa chache.

Kunywa nyumbani, kuuza ni habari nyingine

Mtu akishasifiwa na wageni, wazo la kuuza haliko mbali, hasa katika eneo lenye wateja wa kipato kama Mbezi Beach. Hapo mambo hubadilika. Vileo kwa ajili ya kuuza vinasimamiwa na sheria tangu Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na leseni ya eneo hilo hutolewa na Manispaa ya Kinondoni. Bia hutozwa ushuru wa bidhaa, na tangu Januari 2019 Mamlaka ya Mapato Tanzania inataka vileo vinavyotengenezwa viwe na stempu za kielektroniki. Ubora wa vyakula na vinywaji uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka huohuo wa 2019, kazi hiyo ilipoondolewa iliyokuwa TFDA. Anayefikiria biashara aanzie katika ofisi hizo, si kwenye lebo.

Banana Investments ya Arusha, inayotengeneza pombe ya ndizi ya chupa tangu miaka ya 1990, ni mfano wa kinywaji cha asili kilichoingia kiwandani na kukubalika sokoni. Njia ipo, lakini si ya mkato.

Je, hopsi zinaweza kulimwa hapa?

Wakulima wanaosoma ukurasa huu watauliza swali hilo, na jibu halifurahishi. Hopsi huchanua kwa kufuata urefu wa mchana. Hulimwa zaidi kati ya nyuzi 35 na 55 za latitudo, kama Hallertau ya Ujerumani na bonde la Yakima la Marekani, ambako mchana wa kiangazi hufikia saa 15 na 16. Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi kwa mwaka mzima haifiki saa moja. Mmea utaota, hasa nyanda za juu zenye baridi kama Lushoto au Njombe, lakini mavuno ya maua ndiyo yatakayosumbua.

Afrika Kusini wamefanikiwa karibu na mji wa George, nyuzi 34 kusini, na hata huko ilibidi watumie taa za umeme kurefusha mchana, kisha wakazalisha aina zao zinazovumilia mchana mfupi, kama Southern Promise na Southern Star. Zaidi ya hapo, mkulima wa George hakuwa na soko huria. Mwaka 2017, baada ya AB InBev kuinunua SABMiller, ambayo ndiyo iliyokuwa pia mmiliki mkuu wa TBL yetu, watengenezaji wadogo wa Marekani walijikuta wakikosa hopsi za Afrika Kusini kwa kuwa kampuni ilizihitaji yenyewe. Mkulima wa Lushoto anayeshawishiwa kununua miche aulize kwanza ni nani atakayemnunulia.

Kilicho karibu zaidi ni kutazama harufu yenyewe. Moja ya kemikali zinazoipa hopsi harufu ya maua ni linaloli, na hiyo hiyo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya mbegu za giligilani. Mchaichai una jerenioli, nayo imo katika hopsi za aina kadhaa. Wabelgiji wana bia yao nyeupe ya ngano inayotiwa giligilani na ganda la chungwa tangu zamani, na hakuna anayesema si bia.

Kwa hiyo mwenye jagi anaweza kufanya jaribio lisilogharimu. Achukue bia yake iliyochemshwa na hopsi kidogo za uchungu, aigawe katika majagi matatu ya nusu lita. La kwanza liwe na gramu 3 za hopsi. La pili liwe na nusu kijiko cha chai cha mbegu za giligilani zilizopondwa muda uleule, pamoja na kipande cha ganda la chungwa kilichoondolewa ule weupe wa ndani. La tatu liwe na shina moja la mchaichai lililopondwa. Yote yasubiri dakika tano, yachujwe, na wageni wapewe bila kuambiwa lipi ni lipi.